Atazoea

"Atazoea." Neno moja tu, na aliyelisema alikuwa ameshafungua jalada jingine. Wakili kijana tunayefanya naye kazi alikuwa ametoka kumwongoza shahidi wa miaka saba kutoa ushahidi. Akaingia chooni, akafungulia bomba ili tusimsikie. Tulimsikia. Msomi mwenzetu mwenye mvi, mtu ninayemheshimu, akatoa hukumu yake: atazoea.

Hasira haijanitoka tangu siku hiyo, kwa sababu hata mimi niliambiwa hivyo hivyo, na kweli nilizoea. Basi niwaeleze kuzoea kukoje.

Kuzoea ni kula chakula cha mchana huku ripoti ya uchunguzi wa maiti iko wazi mbele yako, unageuza kurasa kwa kidole kisicho na mafuta. Ni kuwa kwenye sherehe ya familia, ukamwona ndugu kampakata binti yako, na kabla hujafikiri umeshavuka sebule. Yule ndugu hana kosa lolote. Hadi leo hajui kwa nini nilimchukua mtoto mapajani mwake kama ninayenyang'anya. Kuzoea ni mke wako kukusimulia msiba wa rafiki yake huku analia, nawe ukauliza, "Ilikuwa saa ngapi? Nani mwingine alikuwepo?" Hizo ni dalili, jamani. Tumezipa jina la uzoefu, kisha tukazipandisha cheo.

Na asije mtu kuniambia wakili anasoma karatasi tu. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unahesabu kukutana tena na tena na undani wa mikasa ya wengine kwa sababu ya kazi kuwa njia mojawapo ya kupata kiwewe, yaani jeraha la akili. Na sisi hatusomi mara moja. Unasoma, unamhoji mteja, unamrudisha pale pale ili tarehe zisipishane, unatazama video, unasimamisha, unarudisha nyuma sekunde kumi. Wakili wa utetezi ana lake la ziada: anamdodosa aliyeumizwa mpaka anatetemeka, halafu usiku analala na maswali yake mwenyewe. Ukifika nyumbani unaulizwa kazi ilikuwaje, unajibu "salama", maana siri ya mteja haitoki. Washauri nasaha nao wana siri, lakini wana utaratibu wa kukaa na mkubwa wao wa kazi na kuutua mzigo. Sisi tuna kalenda ya kesi.

Ah, semina ya afya ya akili tulipata, nisiwe mwizi wa fadhila. Tuliambiwa tunywe maji ya kutosha.

Huko Australia, wakili wa kitengo cha mashtaka ya makosa ya kingono jimboni Victoria alimshtaki mwajiri wake kwa yaliyompata kazini. Sera kuhusu kiwewe ilikuwepo, imeandikwa vizuri tu. Ilikuwa kwenye karatasi. Alishinda kwanza, mahakama ya rufani ikamnyima, na 2022 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikamrudishia fidia yake, dola za Australia 435,000. Naomba wenye ofisi waisome hukumu hiyo, hata kama ni kwa kuogopa hasara.

Haya, mzee ana hoja moja: wakili akilia mbele ya Mheshimiwa, anayeumia ni mteja. Na mwenye jeraha hasa ni mtoto yule, siyo sisi. Nakubali, shingo upande. Ila binti yule wakili hakulilia mahakamani. Alilia chooni, bomba likiwa wazi.

Alipotoka aliomba radhi. Radhi! Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ndoto huwa zinaisha. Nikamwambia za kwangu bado, ya mwisho nimeiota Jumanne. Akavuta kiti akakaa. Jalada lake linalofuata tumegawana. Kurasa zenye picha nimechukua mimi.