Kukunja Wanakuja, Kushona Wanakimbia

Nasikia watu wakisema banda la kuku la upinde ni kazi ya mchana mmoja. Unachukua paneli za uzio, zile za waya mnene uliochomelewa na kupakwa zinki, unazikunja, unazibana kwenye fremu ya mbao, unatupia turubai juu, kuku wanaingia, wewe unakwenda kuoga. Na si uongo. Mchana mmoja unatosha kabisa kukunja. Taabu ni kwamba kuku hawalali kwenye mkunjo.

Paneli yenyewe ikiwa imelala chini utaipenda. Urefu karibu mita 4.9, upana mita 1.27, imetulia zake, haina neno na mtu. Subiri uanze kuikunja. Ncha moja unaiegemeza kwenye ubao wa upande huu, ncha ya pili unaishika na kusogea nayo taratibu kuelekea ubao wa upande ule, huku katikati panainuka. Kila hatua unayopiga, nayo inajikaza. Ukiiachia kabla hujaifunga kamba, inarudi ilikotoka, na haiulizi kama meno yako yamesimama njiani.

Siku hiyo ndipo nilipojua nina watu. Shemeji alikuja. Jirani alikuja na mdogo wake. Alikuja hata bwana mmoja aliyekuwa anapita na shughuli zake. Akaegesha baiskeli, akakunja mikono ya shati. Kazi hii ina utamu wake, sikatai: misuli, kelele, na matokeo yanaonekana papo hapo. Tena kila aliyekuja alikuja na maoni. Mimi msingi nilishaupima upana wa mita 2.4, maana hapo upinde unapanda mita 1.7 na ushee, mtu unaingia kuokota mayai bila kutambaa. Jirani akataka tuutanue, kuku wapate uwanja. Shemeji akataka tuubane uende juu, eti wageni wakija waingie wima. Wageni gani hao wanaokaribishwa bandani kwa kuku? Wakabishana vizuri tu, wakachora hadi chini kwa kijiti, na muda wote huo aliyeshika ncha ya paneli ni mimi.

"Jamani, mikono!"

"Vumilia, shemeji. Hesabu hazitaki haraka."

Ikakaa. Ya pili tukaipandisha tundu moja juu ya ya kwanza, tukazifunga pamoja kwa waya. Makofi. Picha. Shemeji akasimama chini ya upinde, mikono kiunoni, akatoa tangazo: "Limekwisha hilo." Kufumba na kufumbua, uwanja mtupu. Hata yule wa baiskeli hayupo.

Limekwisha! Matundu ya paneli zile yanafika sentimita 15 kwa 20. Paka anapita bila kukunja mkia. Hapo ulichosimamisha ni mahali pa kupandishia maua. Kuku anataka wavu, tena si wavu wowote. Ule waya mwembamba wa matundu ya pembe sita, unaoitwa wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mwenye njaa aliye nje anauchana akijisikia. Unaotakiwa ni wavu mgumu uliochomelewa, matundu ya milimita 12 hivi, na huo haujipachiki. Unaushona. Unakata kipande cha waya, unapenyeza, unazungusha kwa koleo, unakata ncha, unasogea kiganja kimoja, unaanza upya. Hakuna mpita njia aliyewahi kuegesha baiskeli ili amtazame mtu anashona wavu.

Ukifika chini nako usidhani umefika. Nguchiro hana haja ya kuhangaika na ukuta wakati ana kucha za kuchimbia. Inabidi utandaze wavu mwingine juu ya ardhi, kuzunguka banda zima, utokeze nje sentimita 30 hadi 60, uukandamize kwa vigingi. Mchimbaji anakuja mpaka ukutani, anaanza kuchimba hapohapo, anakutana na waya. Kurudi nyuma nusu mita aanzie huko, hilo kwa kawaida halimjii. Ndiyo sehemu pekee ya ujenzi huu iliyonifurahisha, maana nilimfikiria mwenzangu naye akitaabika.

Sasa njoo kwenye ncha za banda. Upinde ni wa mviringo. Wavu unakuja umeviringishwa, kingo zake zimenyooka. Mlango ni mstatili. Vitu hivi vitatu havikuumbwa vioane, na mshenga ni wewe. Unasimamisha miimo miwili, unaweka kizingiti, unabaki na nafasi mbili za ajabu, moja kila upande wa mlango: chini pana, juu zimebanwa, ubavuni zimepinda, wala hakuna kipande cha wavu kinachozijaza bila kukatwa na kukatwa tena. Niko hapo, nimebana misumari mdomoni, simu inaita. Shemeji.

"Vipi, kuku wameshahamia?"

Nikaguna. Ile misumari ilinisitiri.

Mlango ukakubali kufunga, turubai likaanza ukorofi wake. Ncha za paneli ni kali, turubai likisuguana nazo linatoboka, kwa hiyo unachana mpira mkuukuu wa maji kwa urefu wake na kuuvisha juu ya zile ncha. Unafunga. Upepo ukija, turubai linavimba, na banda zima, jepesi lile, linaanza kufikiria safari. Vyuma virefu vikagongelewa ardhini pembe zote nne ndipo likakata tamaa. Mama watoto akatoka, akatazama kule juu nilikopaacha wazi.

"Baba watoto, hapo hujaziba."

"Hapo ni pa hewa, mama."

"Watapata baridi."

Nikamweleza kwamba kuku ana manyoya, baridi kavu anaimudu; kinachomuumiza ni unyevu, na ile hewa kali ya kinyesi inayowasha macho, ikikosa pa kutokea inamharibu kifua. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu zote.

"Sawa. Sasa utaziba lini?"

Siku ya kuhamia shemeji akaja, naam, siku zenye picha hazimpiti. Akazungusha macho, akasema humo kuku 30 wanaenea. Banda lenyewe halifiki mita za mraba 6! Kuku wanaoshinda nje mchana kutwa, 15 hivi watalala humo kwa raha. Wakifungiwa muda wote, hata 6 wanatosha, ukizidisha wanaanza kudonoana. Nikamwonyesha fito za kulalia, kila kuku sentimita 20 hadi 25 zake, na nimezipandisha juu kuliko viota, kwa kuwa kuku usiku hutafuta pa juu kabisa, na kiota kikizidi fito kwa urefu atalala humo na kukichafua.

"Shemeji," akasema, "unawaendekeza."

Na wao wenyewe, shukrani yao ndiyo hii: nimewawekea viota vitatu, ukubwa sawa, maranda yaleyale, giza lilelile. Wote wanataka kimoja. Mmoja kaketi ndani, wawili wamesimama nje wanamfokea, na viwili vimebaki vitupu, havina hata unyoya.

Shemeji ameshasimulia kila mahali kwamba tulilijenga mchana mmoja, yeye na mimi, kwa utaratibu huo wa majina. Sasa kanunua paneli zake. Amenipigia nikamshikie ncha moja. Nimekubali kwa moyo mweupe. Nitafika mapema, nitakuwa na maoni mazito kuhusu upana, nitapiga picha. Na siku ya kushona nina msiba, upande wa ukoo asioujua.