Neno moja lipi, jamani?

Waongoza watalii wenzangu wa Iringa, hivi mpaka lini? Kila siku: "Kaka, 'time' kwa Kihispania ni nini?" Nikiuliza 'time' ipi, mtu ananuna. "Wewe nipe neno moja tu!" Moja lipi? Saa ni "hora". Wakati ni "tiempo". Mara ni "vez". Kiswahili chako kimeshakutenganishia yote matatu, bado unapitia Kiingereza, kama mtu wa Iringa anayekwenda Ruaha kwa kuzungukia Mbeya!

Juzi mwenzangu, sweta limefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya asubuhi, anamuuliza mama wa Kihispania kama ndiyo mara yake ya kwanza kufika: "¿Primer tiempo?" Mama wa watu akabaki ametoa macho. Hicho ni kipindi cha kwanza cha mpira! "Primera vez", ndugu yangu. Vez!

Na samaki je? Anayeogelea ni "pez", aliyevuliwa aliwe ni "pescado". Sasa mtu anasimama ukingoni mwa Ruaha Mkuu, kidole majini, anapaza sauti: "¡Pescado!" Kakaangwa na nani humo ndani?