Fundi wa Matondoni si "seremala tu"

Wiki iliyopita nililetewa mchoro nilioulipia. Kurasa kumi na moja, rangi nzuri, vipimo hadi milimita. Nilikuwa nimemwomba mchoraji anisaidie kulirudisha jahazi la marehemu babu, lile lililobeba boriti na makuti kutoka Lamu kuja Mombasa, naye akaniletea boti ya starehe iliyotundikwa tanga. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, imelala kama ya jahazi la Unguja. Jahazi la Lamu omo yake husimama wima. Mtoto yeyote wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu, angemwonyesha kosa hilo.

Hilo ningelivumilia, maana mchoro hufutwa ukachorwa tena. Nilimpigia simu nikamwomba tufuatane Matondoni akaonane na mzee mmoja ambaye ameunda vyombo tangu ujana wake. Akanijibu: "Yule ni seremala tu. Mbunifu ni mimi." Niliaga na kukata simu kabla ulimi haujaniponza. Hilo "tu" bado linanichoma.

Jahazi la babu limebakiza vitu vitatu: picha moja iliyofifia, usukani ulioegemezwa ukutani kwa shangazi, na jicho la omoni, lile duara la mbao lenye mwezi na nyota, ambalo binamu yangu aliliokoa jikoni lilipokaribia kuwa kuni. Malori yalipochukua mizigo, chombo kilikaa matopeni misimu mingi mpaka kikabaki mbavu. Sisi wajukuu tulikuwa tukipita hapo kila likizo, na hakuna aliyewahi kupeleka hata kamba ya kupimia. Hilo linaniuma zaidi kuliko mchoro wowote mbaya.

Mwaka jana niliichukua picha nikampelekea yule mzee. Nilimkuta chini ya banda la makuti, tezo yake ya kuchongea iko mapajani. "Ndoo (njoo), mwanangu, keti." Akaishika picha, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele, akaniuliza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, ulikuwa dhiraa ngapi. Sikujua. Akawatazama mabaharia waliosimama ubavuni, akapima juu ya picha kwa ncha ya kidole, akanitajia urefu wa mkuku, kisha wa mlingoti, kisha wa foromali, mti unaofungiwa tanga, na mwisho wa usukani. Usukani picha haiuonyeshi, umo majini wote. Nilirudi kwa shangazi na utepe wa kupimia. Tofauti ilikuwa vidole viwili.

Kuna jambo jingine alilolisema, nalo ndilo lililonifanya nishindwe kunyanyuka. Aliitazama tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, jinsi ilivyonyanyuka, akasema, "Hiki alikiunda ami yangu. Huu ni mkono wake." Mzee wa watu anautambua mkono wa marehemu katika picha iliyofifia, kama wengine wetu tunavyotambua mwandiko wa baba. Halafu mtu ananiambia huyo si mbunifu!

Hebu tutazame kazi yenyewe. Mchoraji wa kompyuta hupata umbo lote kwenye kioo, akakata mataruma yote, yaani mbavu za chombo, ndipo mbao zikavishwa juu yake. Mzee huyu analaza mkuku, anasimamisha fashini, zile nguzo za mbele na nyuma, anaanza kupanga mbao za chini, na ubavu unajitokeza kadiri anavyousogelea na kuurudia mbali kuutazama. Mataruma mengi huja baadaye, kila moja likichongwa lilingane na mahali pake. Tena taruma hapindi kwa nguvu. Anatafuta mti uliokua umepinda wenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo na taruma lisipasuke chombo kikigonga mchanga. Mtu anayesimama mbele ya mti ulio hai, akauchagua kwa ajili ya kiungo cha chombo ambacho bado hakipo, huyo ramani anayo. Hakuiweka kwenye karatasi, basi.

Na asidhani mtu kwamba mafundi hawa wanajua kukariri ya kale peke yake. Mwaka 2018 Lamu iliizindua Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, zikiwemo kandambili, na mwaka 2019 kikasafiri hadi Unguja. Kazi ile iliongozwa na fundi Ali Skanda. Plastiki haina nyuzi, haina mpindo wa kuzaliwa nao. Ilibidi ajue upya kila alichokijua.

Haki ya mchoraji nitampa, ingawa sina furaha nayo. Ukoo wanataka injini, na uzito wa injini hubadilisha tezi. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya itakikagua chombo, na hesabu za uthabiti mzee hataziandika. Kuhusu mbao, marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 iliwabana sana waunda vyombo, na ghadhabu yangu juu ya hilo itahitaji makala yake.

Lakini tusisahau mtepe. Mwambao huu ulikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi, tanga lake mkeka. Waliojua kuvishona walikufa, na walipotaka kuuunda upya ule uliowekwa katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib kule Unguja, watu walilazimika kutegemea sanamu ndogo za makumbusho, picha na maandishi ya wapita njia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. Sitaki jahazi lifike huko wakati wanaolijua bado wanakunywa kahawa barazani.

Kwa hiyo natafuta mchoraji mwingine. Awe tayari kuja Matondoni akakae miezi, apime kila ubao unapokaa mahali pake, aulize, aandike, na kwenye ukurasa wa kwanza wa mchoro aweke jina la mzee kama mbunifu, lake lifuate. Mzee atalipwa kama mbunifu. Fedha za ukoo tumeshaanza kuchanga, na shangazi ndiye aliyetoa mchango wa kwanza.

Siku ile nilipoaga, mzee aliniomba picha ibaki kwake kidogo. Iko kwake mpaka leo, ameichomeka kwenye kuti la banda, mbele ya macho yake anapokuwa akichonga.