Gengar Haanguki kwa Ulaini, Anaanguka kwa Kuingizwa Vibaya

"Toa Gengar, weka kitu chenye damu." Ushauri huo nimeusoma tena wiki hii kwenye kundi letu la Showdown, uwanja wa mtandaoni wa mapambano ya Pokémon. Aliyepewa ni kijana aliyekuwa amepoteza mechi ya OU (daraja kuu la mashindano) ya kizazi cha nne, kile cha Diamond, Pearl na Platinum, na kuweka rekodi yake ili asaidiwe. Wakubwa wa kundi, watu ninaowaheshimu, walipokezana kumwambia jambo lile lile: Gengar, yule Pokémon wa mzimu, ni karatasi, akiguswa anadondoka, weka Suicune, weka Rotom, weka chochote kisichokufa kwa pumzi. Kijana akashukuru na kumfuta Gengar kikosini. Iliniuma kweli, kwa sababu amefundishwa kuogopa kitu ambacho kingemfundisha kucheza.

Nimeitazama rekodi yenyewe. Blissey alikuwa uso kwa uso na Tyranitar, hana la kumfanya. Kijana akamtoa Blissey, akamwingiza Gengar moja kwa moja, Tyranitar akapiga Crunch, pigo linalowaumiza mizimu mara mbili, na Gengar akaanguka kabla hajarusha pigo hata moja. Kwenye majibu yote niliyosoma, hakuna aliyemuuliza kwa nini Gengar aliingia zamu ile, mbele ya adui yule. Wote walikimbilia kusoma namba za ulinzi wake.

Namba za ulinzi wake nazijua. Gengar wa levo ya 100 ambaye hukumwekea EV za damu, yaani pointi za mafunzo unazogawa mwenyewe, ana damu (HP) 261. Blissey ambaye naye hukumwekea hata moja ana 651. Ulinzi wa msingi wa Gengar, ile namba ya aina yake kabla ya levo na mafunzo, ni 60. Hayo hayabishaniwi. Lakini mshambuliaji mwepesi kwenye soka hapimwi kwa mipira ya juu anayogombea na mabeki, anapimwa kwa anachokifanya akipokea pasi nyuma yao. Ukimpima Gengar kwa Crunch anayoweza kuihimili, umeshaanza kucheza mchezo mwingine.

Tuanze na kasi, maana hata hapo watu wanaharibu. Kasi ya msingi ya Gengar ni 110. Ukimpa asili ya Timid, inayoongeza kasi, na EV 252 za kasi anafika 350. Infernape aliyesukumwa hadi mwisho anafika 346. Wale wote wenye kasi ya msingi 100, akina Salamence, Zapdos, Jirachi, Celebi na Flygon, wanaishia 328. Pointi nne dhidi ya Infernape zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini uwanjani anayetangulia ametangulia, awe amezidi kwa pointi moja au kwa mia. Halafu anakuja mtu anampa Gengar asili ya Modest kwa sababu anataka nguvu ipande kutoka 359 hadi 394. Kasi inashuka hadi 319. Kwa pointi 35 za nguvu amemfungulia njia Infernape na kundi zima la 328, kila mmoja wao sasa anaweza kumpiga Gengar kwanza. Kisha analalamika kwamba Gengar hana mwili. Mwili wake ulikuwa ni ile kasi.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipigania hasa, nalo ni mlango wa kuingilia.

Kila Pokémon mwepesi mwenye mwili laini ana tatizo moja kubwa: kubadilisha kunakula zamu, na zamu hiyo anayeingia ndiye anayepigwa. Suicune anaweza kulipa bei hiyo mara kadhaa kwenye mechi. Gengar hawezi kuilipa hata mara moja, kwa hiyo lazima aingie bure. Na kwenye kizazi cha nne ni wachache sana washambuliaji laini wenye milango mingi ya bure kama yeye. Kwa kuwa ni mzimu, mapigo ya Normal na ya Fighting yanampita bila kumgusa. Kwa kuwa ana Levitate, uwezo wa kuelea, mapigo ya Ground nayo yanampita chini. Kaeni mfikirie ni mapigo gani hayo. Earthquake, ambayo kwenye kizazi hiki imejaa kila kikosi. Close Combat ya Heracross na ya Infernape. Mach Punch ya Breloom. Extreme Speed ya Lucario, ambayo hutangulia karibu kila kitu na bado kwa Gengar ni sifuri.

Chukueni Flygon aliyeshika Choice Scarf, kifaa kinachoongeza kasi lakini kinakufungia pigo moja. Kasi yake inafika 492, na Gengar hamfikii hata kwa ndoto. Amempiga Earthquake mwenzake wa Gengar, na kwa sababu ya ile Scarf amejifungia hapo hapo, hawezi kuchagua pigo jingine mpaka atoke. Gengar akiingia zamu hiyo, Flygon anapiga hewa. Zamu inayofuata mwenye Flygon ana njia mbili: abaki aendelee kupiga hewa, au amtoe. Karibu wote watamtoa, nawe umepata zamu ya bure kabisa, zamu ambayo mpinzani anabadilisha na wewe unafanya unachotaka. Unaweza kumsubiri anayeingia na Shadow Ball. Unaweza kuweka Substitute, kinyago cha kupigwa badala yako, ukatoa robo ya damu, na kuanzia hapo mpinzani analazimika kuivunja kwanza huku Gengar akitangulia kila zamu. Zamu moja ya namna hiyo ikitumiwa vizuri inafanya kazi ambayo Suicune ataihangaikia kwa zamu tano za Calm Mind, pigo lake la kujijengea nguvu.

Na Explosion! Kwenye kizazi cha nne pigo hilo lina nguvu 250 na linahesabu ulinzi wa anayepigwa kama nusu, ndiyo maana akina Metagross wanalibeba: unamtoa mtu wako mhanga na kumchukua wa mwenzio. Lakini Explosion ni pigo la Normal. Ukimsoma mpinzani, ukajua zamu hii Metagross anataka kujilipua, ukamwingiza Gengar, Metagross anakufa peke yake. Mpinzani amepoteza mmoja, wewe hujapoteza kitu, na Gengar wako amesimama mzima mbele ya yeyote atakayeingia. Hakuna wingi wa damu unaofanya hivyo. Blissey na damu zake zote akikaa mbele ya Explosion ile anaondoka nayo.

Hiyo ndiyo elimu anayoitoa Gengar, na ndiyo maana nasema kijana ameibiwa. Ukiwa na kikosi cha wanene, unaweza kubadilisha kizembe mara nyingi na usione hasara mpaka mwisho wa mechi, ukapoteza bila kujua ulipoteza wapi. Gengar anakuambia hapo hapo. Anakulazimisha ujue mpinzani ameshika nini, amejifungia pigo gani, anataka kufanya nini zamu hii. Anakulazimisha umkumbuke kila aliyeonekana na ambaye bado hajaonekana, maana kizazi hiki hakikuoneshi kikosi cha mwenzio kabla ya mechi. Mchezaji aliyemzoea Gengar anawacheza hata wale wanene vizuri zaidi, na hilo nimeliona kwa watu wengi tuliokua nao kwenye mchezo huu.

Pale ambapo milango yake mwenyewe imefungwa, wenzake wanaifungua. Mwenzake akianguka, yeye anaingia bila kupigwa. Scizor ana kasi ya msingi 65 tu, kwa hiyo mara nyingi akipiga U-turn, pigo la kupiga na kutoka, anakuwa wa mwisho: mpinzani ameshampiga Scizor, Scizor anapiga na kutoka, Gengar anaingia mzima. Kumbe uzito wa mmoja ndio unaomlinda mwepesi. Ukiona Gengar anaanguka kila mechi zamu anayoingia, angalia waliomzunguka.

Mlango wa kutokea ndio mgumu, hilo nalikubali. Tyranitar mwenye Pursuit ni adui wa kweli. Ukibaki, Crunch. Ukikimbia, Pursuit inakupata ukiwa unatoka, nguvu yake ikipanda kutoka 40 hadi 80, na kwa mzimu inazidishwa tena mara mbili. Gengar anatangulia na ana Focus Blast, ambayo Tyranitar anaipokea mara nne, na kwa Life Orb, kifaa kinachoongeza nguvu kwa kutoza damu, inamdondosha hata dhoruba ya mchanga ikiwa inampa ulinzi. Lakini Focus Blast inapata kwa asilimia 70, na kila anayemcheza Gengar anaijua ile 30 inayobaki. Kwa hiyo unajipanga mapema: humpeleki Gengar mbele ya Tyranitar mzima, unamvuta Tyranitar kwa wengine kwanza, unampunguza, unamtoa njiani.

Scizor wa upande wa pili ni hivyo hivyo. Tangu Platinum ilipompa Bullet Punch, pigo linalotangulia bila kujali kasi, Scizor mwenye Choice Band, kifaa cha kuongeza nguvu, anammaliza Gengar aliyeingia juu ya Stealth Rock, mawe yanayomjeruhi kila anayeingia, hata angekuwa na damu kamili kabla ya kuingia. Kasi ya 350 haisaidii kitu hapo. Dawa yake inajulikana, ni Magnezone, ambaye uwezo wake wa Magnet Pull unamzuia Scizor asitoke mpaka Hidden Power ya moto imfikie. Tena tunarudi kwenye kikosi.

Rotom, basi. Waliomtaja Rotom wana hoja, na sitaificha. Zile sura zake za vyombo vya nyumbani kwenye kizazi hiki ni umeme na mzimu, ana Levitate, milango yake ni ile ile ya Gengar, na ulinzi wa msingi ni 107 pande zote mbili. Ni Pokémon mzuri sana. Ila kasi yake ya msingi ni 86, ukimsukuma mpaka mwisho anafika 298, na nguvu yake ni 105 dhidi ya 130 ya Gengar. Salamence anamtangulia. Zapdos anamtangulia. Rotom anaingia kwa mlango ule ule kisha anangoja apigwe, ilhali Gengar anaingia na kupiga. Ukitaka kuzuia, mchukue Rotom. Kikosi cha kijana kilikuwa kimejaa wazuiaji tayari, na hakikuwa na mtu wa kumaliza mechi isipokuwa yule aliyeambiwa amtoe.

Asiyeamini habari ya milango amtazame Alakazam. Ana nguvu 135 na kasi 120, anamzidi Gengar kotekote, lakini kwenye kizazi cha nne Gengar ndiye aliyejaa vikosini. Alakazam ni Psychic mtupu, hakuna pigo linalompita, kila akiingia anaingia kwa gharama. Black na White, michezo ya kizazi cha tano, zilipotoka 2010 na akapewa uwezo wa Magic Guard, mambo yakabadilika: Stealth Rock haimgusi, sumu haimli, Focus Sash yake, inayomwokoa asianguke kwa pigo moja, inabaki nzima mpaka zamu anayoihitaji, na Life Orb haimtozi chochote. Ulinzi wake wa msingi ulibaki 45 ule ule. Waliompuuza jana walianza kumtafuta, kwa sababu gharama ya kuingia ilikuwa imeshuka.

Kuna wepesi ambao ukiwaingiza vyovyote wanashinda, hilo pia najua. Pheromosa wa Sun na Moon, Flutter Mane wa Scarlet na Violet: wote waliondolewa OU, na sikuwalilia. Hao si mfano wa ninachokitetea. Na kwa mechi za wawili wawili ni hesabu nyingine, kwa kuwa mwenzako amesimama pembeni yako. Sejun Park alitwaa ubingwa wa dunia 2014 kule Washington, D.C. akiwa na Pachirisu, kiumbe ambacho wengi hawakukitazama mara mbili, kikitumia Follow Me kuyavuta kwake mapigo yaliyokusudiwa wenzake. Huyo alielewa kwamba anayepiga anahitaji mtu wa kumfungulia njia.

Nina kinyongo kimoja cha mwisho, nacho ni kwa waundaji wa mchezo wenyewe. Mwaka 2016, kwenye Sun na Moon, walimnyang'anya Gengar Levitate. Hawakugusa nguvu yake wala kasi yake, namba zote zilibaki, na kuna waliosema kwamba basi hajapoteza kitu. Alipoteza Earthquake yote, mlango mpana kuliko yote aliyokuwa nayo. Wakampa Cursed Body, uwezo ambao akipigwa una asilimia 30 ya kulifunga pigo lililompata. Yaani ili umsaidie, lazima apigwe kwanza. Kiumbe chenye damu 261, kilichojengwa kwa miaka yote ili kisiguswe, wamekipa zawadi inayofanya kazi kikiguswa. Naamini aliyekaa na kulichagua hilo alikuwa akiangalia namba tu, kama wakubwa wa kundi letu, na mpaka warudishe Levitate mimi nitabaki kizazi cha nne, na Gengar wangu atakuwa Timid.