Themostati ing'olewe au ibaki?

Ukipeleka gari linalochemsha kwenye gereji nyingi za Kampala, hujamaliza hata kueleza lilichemshia wapi, fundi keshaingiza spana namba 10 kwenye nati za nyumba ya themostati, vali ndogo inayoamua lini maji ya injini yaende kupozwa kwenye rejeta. Kifaa kinatoka, kinatupwa kwenye debe la vyuma chakavu, maji yanajazwa, gari linaondoka. Mwezi uliopita yalinikuta mimi nikitoka Kabale. Toyota yangu ilipandisha joto kabla ya kufika Mbarara, na fundi wa kando ya barabara akanipa maelezo ambayo nimeyasikia Busia, Tororo na Ndeeba kwa maneno karibu yale yale: "Mzee, hii kitu ni ya nchi za barafu. Hapa kwetu joto tunalo, ya nini?"

Gari lilifika Kampala. Kwa hiyo hoja yake inastahili kupimwa kwa heshima, ingawa mimi niliishia upande mwingine.

Themostati inaenea kwenye kiganja. Ndani yake kuna kikopo kidogo cha chuma kilichojazwa nta. Nta ikipata joto inayeyuka, inavimba, inaisukuma vali dhidi ya springi. Kwa injini nyingi za Toyota zilizojaa nchini, vali huanza kufunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi na kumaliza kufunguka karibu na 95. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu, ili ipate joto lake upesi. Baada ya hapo mzigo unahamia kwenye rejeta, nao si mdogo: karibu theluthi ya joto linalotokana na petroli huishia kwenye maji hayo.

Sasa tumsikilize fundi. Magari yetu mengi ni ya mtumba kutoka Japani. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza yale yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini hata la miaka 12 huja na themostati iliyokwisha kufunguka na kufunga maelfu ya mara. Likifika hapa linajazwa maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, na kutu na chokaa vinaishika springi. Siku themostati ikigoma kufunguka, maji ya moto hayatoki tena kwenda kwenye rejeta, na hedi ya alumini, kifuniko cha juu cha injini, inaweza kupinda ndani ya dakika chache. Themostati ikikosekana kabisa, kwa kawaida injini haifi siku hiyo. Fundi asiye na kipimo zaidi ya macho na kiganja, aliyewahi kufunga spea mpya ikagoma baada ya siku tatu na mteja akarudi na hedi iliyopinda, ana sababu ya kuchagua hasara ya polepole kuliko ya ghafla. Silidharau hilo hata kidogo. Tena ana la pili: gari lisilo na themostati linaweza kuanza mlima likiwa kwenye nyuzi 60 badala ya 85, kwa hiyo lina dakika za ziada kabla ya kufika kwenye hatari. Kwenye mlima mfupi, dakika hizo ndizo zinazokufikisha juu.

Lakini chukua gari ambalo tayari limefika nyuzi 100. Kwa joto hilo, themostati iliyo nzima imeshafunguka yote. Unachopata kwa kuitoa ni upana kidogo tu, pale fremu yake ilipokuwa imebana njia. Na mara nyingi kilichopungua wakati huo si maji, ni hewa. Kwenye foleni ya Kibuye saa kumi na mbili jioni injini inazunguka polepole, pampu ya maji vilevile, na hewa pekee inayopita kwenye rejeta ni ile inayovutwa na feni. Feni ikiwa imechoka, au mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, yameziba kwa udongo mwekundu, hata ukiipanua njia ya maji mara mbili joto halina pa kutokea.

Na kuna injini ambazo ukiitoa themostati joto ndiyo linaongezeka. Hili ndilo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue kabla ya kumruhusu mtu aguse nati hizo. Geuza themostati uitazame chini. Kama kuna kisahani cha pili kwenye springi yake, injini hiyo ina baipasi, njia ya mkato ambayo maji huitumia kurudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Vali kubwa inapofunguka, kisahani hicho huifunga baipasi, na maji yote yanalazimika kwenda rejeta. Ukiondoa kifaa chote, baipasi inabaki wazi siku zote. Maji hufuata njia nyepesi, kama madereva wetu wanavyoikimbia foleni, na sehemu yake inarudi kwenye injini ikiwa na joto lile lile. Kwenye barabara tambarare unaweza usione kitu. Ukiwa na mzigo mlimani, sindano ya geji ya joto inapanda na hujui kwa nini, maana "themostati si tulishatoa?" Mafundi wazoefu huiziba baipasi kwa kizibo, nao wanajua wanachofanya, ila injini hiyo sasa itapata joto kwa taabu kila asubuhi.

Injini baridi ina gharama, nayo hulipwa kidogo kidogo. Kompyuta ya gari ikiona maji hayajafika joto la kazi, inadhani injini imewashwa sasa hivi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Mwaka 2022, lita moja ilipovuka shilingi 6,000 Kampala, nilikuwa nikisikia wenye magari wakilaani vituo vya mafuta huku taa ya buluu ya Vitz zao ikikawia kuzimika kila asubuhi, na kurudi kuwaka wanapoteremka mlima. Taa hiyo ndiyo inayosema maji yangali baridi. Mashine ya kusoma hitilafu huandika P0128, maana yake joto la maji haliufikii kiwango cha themostati. Oili nayo haipati joto la kutosha kufukuza unyevu, na baada ya muda unaanza kuona utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko chake.

Wanaoitetea themostati nao wana hoja mbovu, na inaniudhi zaidi kwa sababu hutolewa na watu waliosomea kazi: eti maji yakipita haraka mno kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa. Si kweli. Maji yanayopita haraka hukaa muda mfupi kwenye rejeta, lakini pia hurudi mapema na kupita mara nyingi zaidi. Rejeta nzima inakuwa ya moto zaidi, na joto linalotoka kwa jumla linaongezeka kidogo. Madhara ya kuondoa kizuizi hicho yako kwingine. Shinikizo ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, linapungua, na palipo na joto kali, hasa kuzunguka vali za kutolea moshi, maji yanaanza kugeuka mvuke. Mvuke hauwezi kubeba joto kama maji, na chuma kinaungua pale pale huku geji ikionyesha salama.

Ndiyo maana wanaobadilisha mzunguko wa maji kwa maarifa huanza kwa kuuliza maji yanapita wapi. Mfano mzuri ni Mazda MX-5 ya 1989. Injini yake ilitokana na ile ya gari la 323, ambayo hukaa kwa upana na kuendesha matairi ya mbele. Walipoilaza kwa urefu, mdomo wa kutokea maji ukawekwa mbele, upande ule ule wa pampu, na silinda za nyuma zikapata maji machache. Wapenzi wa gari hilo, hasa wanaoongeza turbo, huuhamishia mdomo nyuma ya hedi ili maji yapite silinda zote. Chevrolet nao, kwenye injini ya LT1 ya Corvette ya 1992, waligeuza mkondo: maji yaliyopoa yanaanzia kwenye hedi ndipo yaende kwenye bloku. Katika kazi zote mbili themostati ilibaki. Kwetu hapa, rejeta nene ya safu tatu badala ya moja, au feni ya pili kwa gari la kubeba mizigo, ni mabadiliko ninayoyaunga mkono bila kusita.

Turudi kwenye gari langu. Nilimwomba fundi wa Mbarara themostati yangu, akaiokota kwenye debe, akaifuta, akanipa. Nyumbani Kampala niliwasha sigiri, nikaifungia uzi kwa kuubana kwenye vali yenyewe, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Kwenye 80 haikusogea. Ilipopita 83 kidogo, uzi ukaachia na themostati ikazama. Haikuwa mbovu hata siku moja.

Anayeijaribu njia hii akumbuke mwinuko. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale yanachemka kwenye 93 au 94. Huko themostati nzima inaweza isifunguke yote sufuriani, ikahukumiwa bure.

Mwinuko huo huo ndio ulionionyesha mkosaji wa kwanza. Kifuniko cha rejeta chenye namba 1.1 kikiwa kizima hubana shinikizo, na hapa Kampala maji hayachemki mpaka karibu na nyuzi 120. Mpira wa changu ulikuwa umepasuka, kwa hiyo njia nzima kutoka Kabale nilikuwa nikiendesha sufuria isiyo na mfuniko. Mkosaji wa pili ilikuwa rejeta yenyewe. Injini ikiwa imezimwa na waya wa feni umechomolewa, nilipitisha kiganja karibu na mapezi yake: upande mmoja wa moto, mwingine karibu baridi, maana mirija ya huko ilikuwa imeziba. Nilibadilisha vyote viwili, nikajaza kulanti, nikairudisha themostati ile ile kwa gasketi mpya, tundu lake dogo la kutolea hewa likiangalia juu. Wiki iliyopita nilikwenda Kabale na kurudi nikiwa na abiria wanne, na sindano haikusogea.

Yanaweza kukufika pasipo na spea, na kuing'oa ikawa ndiyo njia pekee ya kufika nyumbani. Itoe. Kama ina kisahani cha pili, fundi azibe baipasi kwanza, nawe upande milima taratibu na hita ikiwa wazi, maana nayo ni rejeta ndogo. Halafu usiiache kwenye debe. Pembeni yake imegongwa namba, 82 au 88, na namba hiyo ndiyo ya kumwonyesha muuza spea wa soko la Kisekka, Kampala, kesho yake.