Kokwa Limekalia Bilauri ya Wageni

Nyumba yangu hapa Chikongola ina bilauri sita za wageni. Si za kunywea hizo, ni za kutazamwa kabatini. Mimi baba mwenye nyumba nanywea kikombe cha plastiki kilichokatika mkono. Sasa bilauri moja imehamia dirishani, imekaliwa na kokwa la parachichi. Halichangii hata sabuni, na kila baada ya siku mbili linabadilishiwa maji. Mimi ya kuoga nabembeleza.

Kosa langu ni kula parachichi. Sokoni niliambiwa shilingi 1,500, nikalalamika, mama muuzaji akanitazama: "Baba, hili limetoka Njombe. Limepita Songea, Tunduru, Masasi. Wewe Njombe umefika lini?" Sijafika. Nikalipa.

Nalila kwa hasira, binti yangu ananidaka mkono: "Baba, usitupe kokwa! Tunaliotesha, nimeona kwenye simu." Na kweli kwenye simu ni rahisi. Mtu anachoma kokwa kwa njiti tatu, analiweka mdomoni mwa glasi yenye maji, jani hilo! Sekunde arobaini. Wiki zilizofichwa ndani ya hizo sekunde hakuzitaja mtu.

Nikatafuta njiti za kuchokolea meno. Ya kwanza ikavunjika, ya pili ikaingia kidoleni. Tukaweka dirishani, nikaanza kulichungulia asubuhi na jioni kama mgonjwa. Wiki mbili, kimya. Maji yananuka, mama watoto ananuna, na siku niliyosahau kuyabadilisha hadi mwisho wa wiki nikakuta viluwiluwi vya mbu vinacheza ngoma humo ndani. Kumbe nimelikalisha kichwachini! Upande mpana ndio kitako, mzizi unatokea huko, huo ndio ukae majini. Ncha itazame juu. Mimi ncha nimeizamisha, kitako naki­anika juani.

Nikaligeuza. Na washauri wakaanza kumiminika.

Mama mkwe anataka lipulizwe salfa. Kwake yeye mmea wowote unaochelewa una ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho unaopulizwa salfa, uwe mkorosho, uwe mchicha. Babu wa jirani akauliza asili ya parachichi ni wapi. Nikamwambia Meksiko na nchi za jirani zake. "Ndiyo maana," akasema, akaondoka. Ndiyo maana nini? Hakusema. Shemeji yangu wa Newala ndiye aliyeniumiza. Alisimama dirishani muda mrefu, mkono kiunoni. "Shemeji, kule kwetu maji tunanunua kwa ndoo, ninyi huku mnanywesha kokwa? Tena kwenye bilauri?" Yeye nilimpa maji kwenye kikombe kilichokatika mkono, kwa hiyo sikuwa na jibu.

Siku ya arobaini na tisa likapasuka. Mzizi mweupe, mwembamba kama uzi, unachungulia chini. Nilipiga kelele nyumba nzima ikadhani nyoka. Jioni nikapeleka habari kijiwe cha kahawa, kwa bahati mbaya bwana shamba alikuwepo. Akanywa kahawa yake taratibu, akasema mparachichi wa kokwa unaweza kuchukua miaka mitano, na kumi pia, na zaidi, ndipo uzae. Na ukizaa, matunda si lazima yafanane na lile nililokula. Ukitaka uhakika unabebesha kikonyo, yaani kitawi, cha mti mzuri juu ya mche wako, kama wanavyofanya kwenye mikorosho. Halafu akaongeza, kana kwamba hajamaliza kuniua, kwamba miti hiyo inastawi zaidi kwenye ubaridi. Wakati huo shati limenigandia mgongoni kwa jasho la Mtwara.

Nina miaka 54. Nilipiga hesabu nikaacha katikati.

Pale kijiweni kuna jamaa mmoja, kazi yake kangomba, ile biashara ya korosho iliyokatazwa na serikali. Korosho zikiwa bado maua, yeye keshazinunua kwa wenye shida. Akaniita pembeni, sauti ya chini: "Mzee, hayo maparachichi nakuchukulia yote. Mzao wa kwanza. Elfu mbili taslimu." Nikamwambia mti wenyewe una mzizi tu, urefu wa kucha. Akasema yeye hana haraka.

Nikapokea. Serikali inisamehe. Nikanyoosha sokoni kwa mama yule yule, nikanunua parachichi la 1,500, tukala watoto wote, hata mama watoto akacheka.

Sasa binti ameliosha kokwa jipya, ameshika njiti tatu, anatazama kabatini. Bilauri zimebaki tano.