Diesterweg hakupaswa kuondolewa chuoni

Mwaka 1847 serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ilimwondoa Adolph Diesterweg kwenye ukuu wa chuo cha ualimu cha Berlin. Kwa maoni yangu, walioumia zaidi ni watoto wa shule za msingi.

Mzaliwa huyu wa Siegen alianza kama mwalimu wa kawaida. Alifundisha Frankfurt, katika shule iliyofuata mawazo ya Pestalozzi, mwalimu wa Uswisi aliyetaka mtoto ajifunze kwa kuona na kutenda, kisha Elberfeld. Mwaka 1820 akakabidhiwa chuo kipya cha ualimu huko Moers, mji mdogo karibu na mto Rhine. Alikaa huko miaka 12 kabla ya kuhamia chuo cha Berlin, na miaka hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu kuliko yote yaliyofuata. Alikuwa mkuu wa chuo, lakini chaki hakuiweka chini. Aliingia darasani mwenyewe, na wanachuo wake walijifunza kazi kwa kufundisha watoto halisi katika shule ya mazoezi. Aliandika vitabu vya hesabu. Mwaka 1827 akaanzisha jarida la walimu, Rheinische Blätter, akaliongoza hadi kufa kwake. Wakuu wangapi wa shule, wakishapata ofisi, hukumbuka tena njia ya darasani?

Alishikilia kwamba mwalimu mbaya humpa mwanafunzi ukweli, na mwalimu mzuri humfundisha kuutafuta. Basi ilibidi mwalimu mwenyewe awe mtu aliyesoma, anayeuliza na kupima. Tena alitaka shule zikaguliwe na wataalamu wa elimu badala ya wachungaji wa kanisa. Madai hayo mawili ndiyo yaliyomponza.

Wakubwa walimwogopa mwalimu aliyeelimika. Mwaka 1849 mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne aliwalaumu wakufunzi wa vyuo vya ualimu kwa mapinduzi ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1854 zikaja kanuni za Ferdinand Stiehl, ofisa wa wizara ya elimu ya Prussia: masomo ya vyuo yakapunguzwa, dini na kukariri vikatawala, na wanachuo wakazuiwa hata kujisomea wenyewe waandishi wakubwa wa Kijerumani. Nalisema hili kwa uchungu: mtu atafundishaje watoto kusoma, naye amekatazwa kusoma?

Wapo wanaoamini kwamba msimamizi mwema hunyamaza ili kukilinda chuo chake. Sikubaliani nao. Chuo kinacholindwa kwa kuwanyima walimu maarifa kimebaki jengo tu. Diesterweg aliendelea kuandika baada ya kustaafishwa rasmi mwaka 1850, na alipochaguliwa kuwa mbunge mwaka 1858 alizipinga kanuni zile bungeni.

Kipindupindu kilimuua Berlin mwaka 1866. Kanuni za Stiehl zilifutwa mwaka 1872, na mwaka huohuo sheria ikaweka ukaguzi wa shule mikononi mwa dola. Walimu wa Prussia walikuwa wamepoteza miaka 18.